Kufundisha Historia Makaburini: Mawe ya Kale ya Vijiji vya Nyanda za Kati

Mwalimu mwanafunzi anapopelekwa mazoezi ya kufundisha katika kijiji cha Mkoa wa Dodoma, mara nyingi hulalamika kwamba shule aliyopangiwa haina vifaa vya kufundishia historia. Ramani imechanika, vitabu havitoshi, na picha za ukutani hakuna. Malalamiko hayo ni ya kweli. Hata hivyo, katika vijiji vingi, mwendo wa robo saa kutoka darasani pana uwanja ulioota minyaa na majani, na ndani yake mna majina, miaka, lugha na habari za watu waliokaa mahali pale kabla shule yenyewe haijajengwa. Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwalimu mtarajiwa jinsi ya kuutumia uwanja huo kwa adabu na kwa faida, na jinsi ya kuuzuia usipotee mbele ya macho yake.

Jambo hilo la pili ndilo gumu zaidi, nami nalisema kwa kuwa nimewahi kulikosea.

Kosa nililolitenda

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilifundisha katika shule moja iliyo magharibi ya mji wa Dodoma. Siku moja ya mwezi wa Julai, mavuno yakiwa yamekwisha kuingizwa ghalani, niliwapeleka watoto wa Darasa la Sita kwenye makaburi ya zamani ya kijiji. Tulichukua brashi za waya, mchanga, madebe ya maji na ndoo mbili za chokaa. Nia yetu ilikuwa njema kabisa: kufyeka, kusugua, na kupaka chokaa makaburi yote mpaka yang'ae. Watoto walifanya kazi kwa bidii, nami nikawasifu. Ilipofika saa sita mchana uwanja mzima ulikuwa mweupe.

Ndipo akaja mzee mmoja wa kitongoji kile. Tulimwamkia, akaitikia, akazunguka polepole na fimbo yake, mstari kwa mstari. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, kaburi la kaka yangu ni lipi hapa?" Nikamjibu, "Babu, sisi hatulijui, labda wewe utatuonyesha." Akaeleza kwamba yeye alikuwa akilijua kwa herufi mbili zilizochorwa kwa msumari saruji ilipokuwa mbichi, na kwa kipande cha sahani ya buluu kilichogandishwa upande wa kichwani. Saruji ile ilikuwa dhaifu, yenye mchanga mwingi. Brashi zetu zilikuwa zimekwangua uso wake wote pamoja na herufi. Kipande cha sahani tulikikuta baadaye katika rundo la takataka, pamoja na vipande vingine vya sahani, wala hapakuwa na mtoto aliyekumbuka kipi kilitoka wapi. Mzee hakugomba. Aliketi kidogo kivulini, akaaga, akaenda zake.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwafundisha walimu wanafunzi kanuni moja kabla ya nyingine zote: andika kwanza, na usiguse kitu kabla hujaandika. Kaburi lililochafuka lakini lenye jina lina faida kuliko kaburi safi lisilo na mwenyewe.

Wenye mawe na wasio na mawe

Mwalimu asidhani kwamba historia ya Ugogo imo katika mawe yenye maandishi peke yake. Sehemu kubwa ya waliokufa katika nyanda hizi hawakuandikiwa neno lolote. Zamani watu walizikwa karibu na kaya, wengine jirani kabisa na zizi la ng'ombe, na alama ilikuwa mawe ya kawaida yaliyopangwa, au mti ulioachwa usikatwe. Alama hiyo ilitosha, maadamu wenyewe walikaa papo hapo na mtoto alionyeshwa na baba yake kaburi la babu yake wakati wa kupeleka ng'ombe machungani.

Mwaka 1971 ilianza Operesheni Dodoma, ambayo iliwatoa watu katika kaya zilizotawanyika na kuwakusanya vijijini. Yapo mengi ya kusemwa juu ya operesheni ile, mazuri na mabaya, nami sitayasema hapa. Kwa habari yetu yatosha kukumbuka kwamba tembe zilizoachwa zilibomoka, mahame yakawa mashamba au malisho, na makaburi yakabaki bila msimulizi. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 10 mwaka ule sasa amepita 60. Yeye ndiye wa mwisho awezaye kusema, "Hapa palikuwa mlango wa tembe, na rundo lile ni bibi yetu." Mwalimu anayengoja muhtasari wa masomo umwambie aende kumwuliza mtu huyo atakuwa amechelewa.

Wako hata waliokosa mawe ya kupangwa. Njaa ambayo Wagogo huiita Mtunya, ya miaka 1917 hadi 1920, ilifuata nyuma ya Vita Kuu ya Kwanza. Majeshi ya pande zote mbili yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua zikakosekana. Wanahistoria wamekadiria kwamba katika eneo lenye watu wapatao 150,000 walikufa kama 30,000, yaani mtu mmoja katika kila watano. Nimewahi kuzunguka makaburi kadhaa ya vijijini nikitafuta kaburi moja lililoandikwa mwaka 1919. Nilitoka mikono mitupu, na nikatambua kwamba hilo nalo lilikuwa somo.

Linganisha hali hiyo na makaburi ya vita yaliyomo Dodoma mjini. Mji huo ulitwaliwa tarehe 29 Julai 1916 na jeshi la upande wa Uingereza lililoongozwa na Jenerali van Deventer wa Afrika Kusini. Wanajeshi wa upande huo waliozikwa mjini wana makaburi yanayotunzwa mpaka leo na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo iliundwa mwaka 1917 kwa jina lingine. Wapagazi waliobeba risasi na unga wa askari hao wako wapi? Mwaka 2021 Tume yenyewe ilitoa taarifa ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Wanafunzi wa darasa la juu wakipewa hesabu hiyo, wakaulizwa, "Kwa nini huyu ana jiwe na yule hana?", watatoa majibu ambayo mwalimu hakuyaandika katika andalio lake. Ayapokee yote kwanza.

Kuna pia mawe ya wageni waliopita njia ya misafara. Joseph Mullens, katibu wa London Missionary Society, alifariki mahali panapoitwa Chakombe tarehe 10 Julai 1879 akiwa safarini kuelekea Ziwa Tanganyika, akazikwa Mpwapwa kwenye kituo cha misheni. Huko Kongwa wamelala wapigania uhuru waliokuja kutoka kusini mwa Afrika na kufariki wakiwa katika kambi iliyofunguliwa mwaka 1964. Hivyo katika wilaya mbili zinazopakana mwanafunzi aweza kujifunza misafara, umisionari na ukombozi wa Afrika, akiwa amesimama kwa miguu yake mahali penyewe.

Mawe hupoteaje

Msalaba wa mti huliwa na mchwa katika misimu michache tu. Saruji iliyochanganywa kwa kubana matumizi huanza kubanduka uso, na kwa kuwa maandishi mengi ya vijijini yalichorwa juujuu kwa kidole au msumari, uso ukitoka jina limetoka. Baada ya mavuno ng'ombe huachiwa mashambani kula mabua. Wakipita makaburini hujikuna kwenye mawe yaliyosimama mpaka yalegee. Uzio wa chuma na vibao vya shaba huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mawe ya asili hupondwa kokoto. Nimewahi kuona bamba la kaburi likitumiwa kunolea visu nyuma ya jiko, na mwenye nyumba hakuwa mtu mbaya: alilikuta limelala shambani, hakusoma, akaona ni jiwe zuri la bapa. Watu wa pwani nao wana hasara zao, maana katika makaburi ya kale ya Kaole na Kunduchi mabakuli ya Kichina yaliyopachikwa kwenye nguzo na kuta yameacha matundu matupu mahali pengi.

Kisha kuna upanuzi wa mji. Chama cha TANU kiliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, lakini ni katika miaka ya karibuni ndipo viwanja, reli ya kisasa na barabara ya mzunguko yenye urefu wa kilometa 112.3 vimeingia kwa kasi katika vijiji vilivyokuwa mbali. Sisemi kwamba maendeleo yasimame kwa ajili ya marundo ya mawe. Pwani nako makaburi 660 ya vita yalihamishwa mwaka 1968 kutoka Ocean Road, Dar es Salaam, ili kupisha barabara, na yale yaliyokuwa na alama ya mtu mmoja mmoja yalijulikana ni ya nani kwa kuwa orodha ilikuwapo. Kaburi la kijijini halina orodha.

Hapa yafaa mwalimu ajue sheria mbili. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo na maziko ya kabla ya mwaka 1863. Yaliyo ya baadaye hulindwa tu yakitangazwa rasmi. Maana yake ni kwamba kaburi la mwaka 1879, hata liwe maarufu namna gani, halipati ulinzi huo kwa umri wake peke yake, wala makaburi karibu yote yenye maandishi yaliyomo vijijini mwetu. Sheria ya pili ni ile ya kuhamisha makaburi, Namba 9 ya mwaka 1969. Hiyo hutaka tangazo litolewe kabla ya makaburi kuondolewa kwa ajili ya shughuli za umma, huwapa ndugu nafasi ya kuhamisha wenyewe, na huruhusu fidia ya gharama za kuhamisha, kuzika tena na hata tambiko. Lakini mtu atajitokezaje kudai kaburi ambalo hawezi kulionyesha? Daftari lililoandikwa na wanafunzi si hati ya serikali. Hata hivyo, lenye ramani, tarehe na jina la mzee aliyetoa habari, laweza kumsaidia mjane mbele ya mthamini kuliko machozi yake.

Maandalizi ya somo

Usiwapeleke watoto makaburini kama unavyowapeleka kuchuma majani ya somo la sayansi. Anza kwa mwenyekiti wa kijiji na wazee. Ikiwa makaburi ni ya kanisa au msikiti, mwone kiongozi wake. Eleza unachotaka kufanya na usichokusudia kufanya, hasa kwamba hamtachimba, hamtahamisha wala kuchukua kitu. Wape wazazi habari mapema. Wako watakaokataa watoto wao wasiende, na mwalimu asibishane nao wala asiwatanie. Watoto hao wapewe kazi yenye uzito uleule: kuwahoji wazee nyumbani juu ya ukoo wao na mahali walipokaa kabla ya vijiji. Kwa uzoefu wangu kundi hili hurudi na habari nyingi kuliko lile lililokwenda makaburini. Pia chunguza kimyakimya kama darasani yumo mtoto aliyefiwa karibuni.

Tembelea mahali hapo peke yako kwanza. Tazama nyuki, nyoka na mawe yaliyolegea. Jiwe linaloegemea lisisimamishwe na watoto, na wasilikaribie, kwa kuwa laweza kumwangukia mtoto na kumvunja mguu. Waonye juu ya minyaa: utomvu wake ukiingia jichoni huumiza vibaya na waweza kupofusha, kwa hiyo mtoto asivunje tawi hata moja. Miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo inayofaa, majani yakiwa yamekauka na kazi za shamba zimepungua.

Somo lenyewe

Gawa darasa katika makundi ya wanafunzi wanne: msomaji, mwandishi, mpimaji na mchoraji. Kila kundi lipewe mstari mmoja wa makaburi, wala si zaidi ya makaburi matano. Mchoraji huchora ramani kwa hatua, akianzia kwenye kitu kisichohama, kama mbuyu au kona ya jengo, na kila kaburi hupewa namba katika ramani. Namba isiandikwe juu ya kaburi.

Kusoma jiwe kongwe ni ufundi unaotegemea mwanga. Jua la utosini hufuta herufi zote. Nenda asubuhi kabla ya saa tatu, au jioni baada ya saa kumi, mwanga unapopita ubavuni mwa jiwe na kila mchoro kutoa kivuli. Kama jiwe limeelekea upande wa kivuli, mwanafunzi mmoja ashike kioo kidogo na kuurusha mwanga kutoka pembeni. Mara ya kwanza niliyoona jina zima likijitokeza kwa kioo cha kunyolea, watoto walipiga kelele hata nikasahau kuwakumbusha mahali tulipo. Vumbi liondolewe kwa brashi laini na maji matupu, tena kwenye jiwe gumu tu. Sabuni, mchanga, brashi ya waya na maji ya betri ni marufuku. Chaki pia isipakwe herufini, ingawa wengi hupenda kufanya hivyo ili picha ya simu itoke vizuri.

Mwandishi anakili kilichopo, si kile anachodhani kingalipaswa kuwapo. Kama jiwe linasema "amezariwa", aandike hivyo hivyo, maana ndivyo alivyotamka aliyechora, na matamshi yake ni sehemu ya historia ya Kiswahili katika mkoa huu. Herufi isiyosomeka iwekewe nukta. Kubahatisha jina ni kumzika mtu mwingine mahali pa mwenyewe.

Baadhi ya makaburi ya Waislamu yana mwaka wa Hijria. Hapa somo la hisabati laingia lenyewe. Zidisha mwaka wa Hijria kwa 97, gawanya kwa 100, kisha ongeza 622. Jiwe lenye mwaka 1335 litatoa 1,294.95, na baada ya kuongeza tunapata karibu 1917. Jibu laweza kupungua au kuzidi kwa mwaka mmoja, nao wanafunzi waelezwe sababu yake: mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11.

Mkirudi darasani msikimbilie insha. Acha watoto wapange kwanza walichokiona: majina ya ukoo yanayojirudia, miezi ambayo vifo vilikuwa vingi, umri wa waliokufa. Mara nyingi watakuta makaburi madogo mengi kupita walivyotarajia. Hapo mwalimu aongoze kwa upole mazungumzo juu ya surua, chanjo na zahanati, asije akayafanya kuwa hesabu tupu. Katika somo la Historia ya Tanzania na Maadili kazi hii hutosha vipindi vitatu au vinne, na sioni haja ya kuibana katika kimoja.

Daftari

Zao la somo ni daftari moja lililonakiliwa kwa usafi: namba ya kaburi, maandishi kama yalivyo, aina ya jiwe na hali yake, na mwisho maneno ya wazee pamoja na jina la aliyeyasema na tarehe. Makaburi yasiyo na maandishi yaingizwe pia. Kwa hakika hayo ndiyo yanayohitaji daftari zaidi, kwa kuwa habari yake yote imo katika kumbukumbu ya mtu mmoja au wawili. Picha za simu ni msaada mzuri, ila simu hupotea na hubadilishwa, karatasi isiachwe. Andika nakala tatu: moja ya shule, moja ya ofisi ya kijiji, na moja ya kanisa, msikiti au ukoo unaohusika.

Baada ya kosa langu nilirudi makaburini na darasa lililofuata, safari hii na kalamu tu. Yule mzee alikuja siku zote tatu. Hakuweza kulionyesha kaburi la kaka yake kwa hakika, bali alitaja mawili ambayo lingeweza kuwa mojawapo, nasi tukaandika hivyo: "ama la 14 ama la 15." Kwa makaburi mengine alitupa majina 23 ambayo hayakuandikwa popote. Miaka kadhaa baadaye nilipita katika shule ile nikauliza habari za daftari. Nakala ya shule ilikuwa imeliwa na mchwa kabatini. Ya ofisi ya kijiji ilikuwapo, imefungwa kwa kamba pamoja na mihtasari ya vikao, na ukurasa wa namba 14 na 15 ulikuwa umechakaa pembeni kwa kufunuliwa.